Je, Wasovieti walimwibia Fischer kule Curaçao?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanachama wa klabu ya sataranji hapa Tanga. Juzi tulibishana mpaka usiku kuhusu mashindano ya kisiwa cha Curaçao ya mwaka 1962. Wenzangu wanasema Wasovieti walipanga sare wao kwa wao wakamzuia Bobby Fischer asiende kugombea ubingwa wa dunia. Mimi hapo sielewi. Sare si nusu pointi kwa kila mmoja? Mtu anaibaje kwa kugawana sawa? Na bila mipango hiyo, Fischer angeshinda? Nauliza pia kwa sababu mwezi wa nane tunaandaa mashindano Pemba, wachezaji wanane, kila mmoja acheze na kila mmoja, na watano kati yao ni wa klabu yetu. Sitaki tuje tusemwe.

Jibu: Marahaba. Wenzako wana haki kwa nusu. Mpango wa sare ulikuwepo kweli, na Fischer alipoupigia kelele hakuwa anazusha. Lakini ukikaa na jedwali la matokeo na kalamu mkononi, utaona si yeye aliyeumizwa zaidi. Aliyeumia, kwa hesabu yangu, ni Paul Keres, na Keres alikuwa mmoja wa waliopanga.

Curaçao iko Bahari ya Karibi, jirani na pwani ya Venezuela, na wakati ule ilikuwa chini ya Uholanzi. Ina kilomita za mraba 444, haifiki hata nusu ya Pemba. Mashindano yalifanyika katika mji wake mkuu, Willemstad, kuanzia mwanzoni mwa Mei hadi mwishoni mwa Juni 1962. Yaliitwa mashindano ya wagombea: wachezaji walikuwa wanane, na mshindi ndiye angepata nafasi ya kumkabili Mikhail Botvinnik, bingwa wa dunia. Watano walitoka Umoja wa Kisovieti: Tigran Petrosian, Efim Geller, Viktor Korchnoi, Mikhail Tal na huyo Keres wa Estonia. Marekani ilikuwa na wawili, Fischer mwenye umri wa miaka 19 na Pal Benko, Mhungaria aliyekimbia kwao. Wa nane alikuwa Miroslav Filip wa Chekoslovakia. Watano kati ya wanane: hesabu ileile ya klabu yenu, na nitairudia mbele.

Benko mwenyewe aliingia kwa mlango wa pembeni. Katika mchujo wa Stockholm mapema mwaka huo, Msovieti mwingine, Leonid Stein, alimtangulia. Lakini Shirikisho la Sataranji la Dunia, FIDE, lilikuwa limeweka ukomo wa idadi ya wachezaji wa nchi moja wanaoweza kupita kwenye mchujo, na Wasovieti walikuwa wameshaujaza. Stein akabaki nyumbani, Benko akapanda ndege. Hilo lije kukumbukwa.

Sasa ratiba, kwa maana siri yote imo humo. Kila mchezaji alipaswa kukutana na kila mwenzake mara nne, mizunguko minne ya raundi saba, jumla raundi 28. Hiyo ni karibu miezi miwili ya kukaa hoteli moja, kula na watu walewale, na kupishana ngazini na mtu unayetaka kumshinda kesho. Kila gemu ilikuwa na kikao cha urefu wa saa tano. Ikifika hapo haijaisha, inaahirishwa: mwenye zamu anaandika hatua yake kwa siri, inafungwa kwenye bahasha, na gemu inaendelea siku nyingine. Maana yake ni kwamba gemu ngumu haikuishia mezani. Ilikufuata chumbani, ukakesha nayo.

Nije kwenye swali lako la kwanza, ambalo ni zuri kuliko unavyodhani. Uko sahihi kwamba sare haiongezi pointi. Petrosian, Keres na Geller walikutana wao kwa wao katika gemu 12, na zote 12 zilikwisha kwa sare. Katika gemu 12 kuna pointi 12 za kugawana, mcheze mnavyocheza. Wakitoka sare zote, kila mmoja anapata pointi 4 katika gemu 8. Wakipigana kweli, pointi ni zilezile 12, ila mmoja atachukua labda 5 na nusu na mwingine ataambulia 2 na nusu. Kwa hiyo mpango ule haukuwapa Wasovieti pointi hata moja ya ziada. Tena, kama lengo lingekuwa tu kumzuia mgeni asiongoze, kupigana kungefaa zaidi, kwa sababu mmoja wao angeruka juu ya wote.

Walichopata ni mapumziko. Fischer alikaa kwenye kiti mara 27 na kila mara alikuja kupigana. Wale watatu, kila mmoja alikuwa na siku 8 ambazo alijua tangu asubuhi kwamba kazi ni ya muda mfupi. Sare zao zilichukua kwa wastani hatua kama 19 tu. Aliyewahi kuamua mashindano anaijua sare ya aina hiyo hata akiwa amesimama mbali. Hatua za mwanzo zinachezwa haraka kwa sababu ni za kwenye vitabu, malkia wanabadilishana mapema, saa za wote wawili zinaonyesha muda tele, halafu mmoja anainua kichwa, mwingine anaitikia, wanasaini karatasi. Gemu inaonekana ya kawaida kabisa. Moja huwezi kuishtaki. Kumi na mbili mfululizo, bila mtu kupoteza wala kushinda, zinajishtaki zenyewe.

Na ule ni mwaka 1962, kisiwa cha kitropiki, wiki nane. Keres alikuwa na umri wa miaka 46. Tal, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka mmoja tu nyuma, figo zilimzidi akalazwa hospitali, na baada ya mzunguko wa tatu akajitoa. (Fischer, ambaye watu wanapenda kumchora kama asiye na utu, alikwenda kumjulia hali pale kitandani.) Katika mazingira hayo, siku nane za kupumzika ni mtaji mkubwa. Mtu anayekwenda kucheza na Fischer akiwa ametoka kuogelea si sawa na anayekwenda akiwa ameamka saa nane usiku kuchambua gemu iliyoahirishwa.

Ushahidi? Fischer aliandika katika jarida la Sports Illustrated, Agosti 1962, kwamba Warusi wanapanga matokeo, na akasema hatashiriki tena mashindano ya namna ile. Wengi walimwona mtoto anayelia baada ya kushindwa. Ila miaka 40 baadaye Yuri Averbakh, aliyeongoza ujumbe wa Kisovieti kisiwani, alikiri katika mahojiano kwamba watatu wale walikubaliana kutoka sare. Kwa hiyo hapo hakuna ubishi tena, wambie wenzako.

Pale Fischer alipoongeza chumvi ni kwa Korchnoi. Alidai kwamba Korchnoi, aliyeanza vizuri na kuwa kati ya walioongoza, aliamriwa kujiachia mbele ya wale watatu ili wapate pointi. Hilo mimi silikubali. Mwaka 1976 Korchnoi alikimbilia Magharibi, akawasema viongozi wa sataranji wa Kisovieti kwa kila alichokijua, na kwa Petrosian alikuwa na chuki ya waziwazi. Kama angekuwa ameamriwa kupoteza kule Curaçao, huyo si mtu wa kulikalia kimya. Ninavyoona alichoka tu, kama Fischer. Hakuwa kwenye mpango, akacheza gemu zote kwa jasho, katikati ya safari miguu ikalegea.

Je, Fischer angeshinda? Hapana, na hapa ndipo utawaudhi wenzako. Petrosian alimaliza na pointi 17 na nusu, Keres na Geller 17 kila mmoja, Fischer 14. Hiyo ni nafasi ya nne, pengo la pointi 3 na nusu. Alipoteza gemu 7, wakati Petrosian hakupoteza hata moja. Raundi ya kwanza alifungwa na Benko, ya pili akafungwa na Geller, na Korchnoi naye alimfunga. Benko na Korchnoi hawakuwa kwenye mkataba wowote. Mtu aliyetoka Stockholm akiwa ameshinda kwa tofauti ya pointi 2 na nusu alifika Curaçao akidhani mwendo ni uleule, akakuta watu wamejiandaa. Uwezo alikuwa nao, uvumilivu wa kutoka sare siku mbaya hakuwa nao bado.

Tena wapinzani wake Wasovieti walikwenda kama timu. Wamarekani wawili walipewa msaidizi mmoja, Arthur Bisguier, wakamgombania. Benko alimtaka amsaidie kuchambua gemu iliyoahirishwa dhidi ya Petrosian, Fischer akasema Bisguier ni wake, maneno yakapanda, na Benko akampiga Fischer kofi. Watu wawili wa nchi moja, hoteli moja, wanapigana kwa ajili ya msaidizi, huku upande wa pili watu watatu wa umri na tabia tofauti wameelewana bila kelele. Hiyo nayo ni sehemu ya jibu, ingawa Fischer hakuiandika kwenye makala yake.

Basi Keres. Huyu alikuwa ameshika nafasi ya pili katika mashindano ya wagombea mwaka 1953 (hapo kwa kulingana na wengine), 1956 na 1959. Curaçao ilikuwa nafasi yake ya mwisho ya kweli, na yeye alijua. Kwa umri wake mpango wa sare ulionekana zawadi. Lakini tazama ulichomgharimu: gemu nne dhidi ya Petrosian, mtu aliyekuja kumzidi kwa nusu pointi, na katika zote nne hakujaribu. Petrosian hakuhitaji kumfunga mtu yeyote mkubwa. Mtindo wake ulikuwa wa kutopoteza, kukusanya ushindi kwa walio chini na kungoja. Mkataba wa sare ulimkaa Petrosian kama kanzu iliyoshonwa na fundi wake mwenyewe, na wenzake wawili walivaa tu.

Zikiwa zimebaki raundi mbili, Keres alikutana na Benko. Katika mizunguko mitatu iliyotangulia alikuwa amemfunga Benko gemu zote tatu. Safari hii gemu iliahirishwa ikiwa Keres yuko pabaya. Usiku ule, kwa simulizi ya Benko mwenyewe, Petrosian na Geller walimwendea wakajitolea kumsaidia kuchambua, ili amfunge Keres. Benko akakataa. Alikaa peke yake na ubao, akarudi, akashinda. Hebu lipime hilo. Mpango ambao dunia nzima inauita njama ya taifa moja dhidi ya Mmarekani, ulipofika siku ya maamuzi, wawili kati ya watatu walikuwa tayari kumchimba mwenzao. Na aliyemfunga Keres ni yule Benko aliyepata kiti kwa sababu Stein alizuiwa na kanuni.

Raundi ya mwisho Petrosian alikwenda sare na Filip katika hatua 14. Keres alihitaji kumfunga Fischer ili alingane naye. Ikawa sare. Mwaka uliofuata Petrosian alimvua Botvinnik taji kwa pointi 12 na nusu kwa 9 na nusu, na Keres hakukaribia tena.

FIDE ilisikia kelele. Kwanza ilijaribu kanuni ya kukataza sare kabla ya hatua ya 30 bila ruhusa ya mwamuzi, nayo ikafa haraka kwa sababu wachezaji waligundua kwamba wakirudiarudia hatua zilezile sare inakuja yenyewe. Hatua ya maana ilikuwa kuanzia mzunguko wa 1965: wagombea wakaacha kucheza wote kwa wote, wakaanza kukutana wawiliwawili katika mechi za mtoano. Katika mechi ya watu wawili hakuna wa tatu wa kupatana naye. Fischer alipoitumia njia hiyo mwaka 1971, aliwafunga Mark Taimanov 6 kwa 0, Bent Larsen 6 kwa 0, na mbele akamkuta Petrosian, akamfunga 6 na nusu kwa 2 na nusu. Mwaka 1972 akachukua ubingwa wa dunia Reykjavik, Iceland, kisiwani tena.

Tangu mwaka 2013 wagombea wamerudi kucheza wote kwa wote, safari hii mizunguko miwili, raundi 14. Lakini kuna kanuni mpya ambayo ukiitazama unaiona Curaçao ndani yake: wachezaji wa nchi moja wanakutana mwanzoni mwa kila mzunguko. Mwanzoni hakuna anayejua nani ataongoza, kwa hiyo hakuna cha kumpa mwenzako.

Watu huniuliza kama kisiwa chenyewe kina lawama, yaani kufungiwa mahali padogo. Siamini. Isle of Man, kisiwa cha kilomita za mraba 572 kati ya Uingereza na Ireland, kimeandaa mashindano makubwa mengi katika mji wa Douglas, ikiwa ni pamoja na Grand Swiss ya FIDE mwaka 2019 na 2023. Kule walicheza zaidi ya watu 100 kwa raundi 11, na anayecheza na nani hupangwa kila raundi kufuatana na pointi. Hujui leo utakutana na nani kesho kutwa, sembuse gemu nane mbele. Sare za haraka raundi ya mwisho utaziona, za kulinda zawadi, lakini mkataba wa miezi miwili hauna pa kusimama. Lawama ni ya ratiba ndefu inayojulikana tangu siku ya kwanza, na ya nchi moja kuwa na viti vingi mno.

Ndiyo maana ratiba yenu ya Pemba inanitia wasiwasi, hata kama nyoyo zenu ni safi. Chukua kalamu. Watano wa klabu moja, watatu wageni. Katika raundi yoyote, wageni watatu wanaweza kuwachukua watu wenu watatu tu. Wawili wanaobaki watakutana wenyewe kwa wenyewe. Huwezi kukwepa: raundi ya saba, pointi zikiwa zimekaribiana, lazima kuna meza moja ya watu wa Tanga watupu. Ukiwa mwamuzi bora Afrika nzima hutaizuia. Wakitoka sare watasemwa, mmoja akishinda atasemwa zaidi.

Wapunguzeni wawe wanne, mtafute mgeni wa nne, awe wa Unguja, Mombasa au hapohapo Pemba. Wanne kwa wanne ratiba inakubali vizuri sana: raundi tatu za kwanza wenu wanamalizana wao kwa wao na wageni wanamalizana wao kwa wao, halafu raundi nne zilizobaki kila meza ni mwenyeji na mgeni. Kura ya namba ipigwe mbele ya wote, na mwamuzi mkuu asiwe wa klabu yenu.

Kuhusu pointi, kuna wanaopenda mtindo wa 3 kwa ushindi na 1 kwa sare, uliotumika katika mashindano ya Bilbao, Hispania, mwaka 2008. Unaumiza kweli sare za kupanga, kwa sababu wawili wakitoka sare mara mbili kila mmoja ana 2, wakifungana moja moja kila mmoja ana 3. Ila nao una mlango wake: marafiki wanaweza kupeana ushindi kwa zamu. Kwenu kila wawili wanakutana mara moja tu, kwa hiyo hatari hiyo ni ndogo, lakini mimi ningebaki na pointi za kawaida, nikaweka kwamba wakilingana anayetangulia ni mwenye ushindi mwingi. Kanuni ya hatua 30 wekeni mkitaka, ila mwambieni mwamuzi aangalie pia wanaorudiarudia hatua.

Yule wa tano mwende naye kama wa akiba. Tal alipojitoa Curaçao, kila mchezaji alibaki na tundu moja kwenye mzunguko wa nne, na mwezi wa nane ni msimu wa upepo wa kusi, bahari ya Tanga na Pemba mnaijua wenyewe. Mmoja akishuka botini hajiwezi, mnaye wa kukaa kwenye kiti kabla ya kura.